Kupima sumu ya vumbi la barabarani kwa dafnia: utaratibu upi unafaa kwa Dar?

vumbi_la_makutano

Habari wakuu. Naomba ushauri wa kitaalamu. Lengo ni kujua kama vumbi linalojikusanya kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam lina sumu kwa viumbe hai, maana orodha ya metali peke yake haisemi kama metali hizo zinatoka kwenye vumbi na kumfikia kiumbe. Maeneo yaliyopangwa ni Ubungo, Buguruni, na mtaa mmoja wa makazi usio na magari mengi kwa kulinganisha. Kiumbe kilichopendekezwa ni dafnia, kidudu kidogo cha maji baridi, kwa utaratibu wa OECD 202 (kipimo cha kimataifa cha kuhesabu dafnia wanaoshindwa kuogelea) wa saa 48.

Vifaa vilivyopo: oveni, mzani unaosoma hadi gramu 0.01, mita ya pH, mita ya oksijeni, pampu ya kuchujia, darubini ndogo na chumba chenye kiyoyozi. Vipimo vya metali vitafanyika maabara nyingine.

Maswali yenyewe: vumbi likusanywe vipi ili lisichafuliwe na vifaa? Maji ya kuwekea dafnia yatolewe vipi kwenye vumbi? Dafnia waingie kwenye maji yaliyochujwa au yenye vumbi lake? Na je, joto la Dar linaruhusu kutumia Daphnia magna, au bora kutafuta mdudu mwingine?

chujio045

Karibu mkuu. Naanza na swali la pili kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Dafnia anapima maji uliyomweka ndani yake. Namna unavyoyatoa kwenye vumbi ndiyo kipimo chenyewe, na wengi huandika jambo hili kwa mstari mmoja tu kwenye ripoti.

Utaratibu wa kuloweka unaokubalika sana ni ule wa Ulaya, EN 12457-2: lita 10 za maji kwa kila kilo 1 ya vumbi kavu, chupa igeuzwe juu chini mara 5 hadi 10 kwa dakika kwa saa 24. Kwa kazi yako chukua gramu 60 za vumbi kwenye mililita 600, chupa ya lita 1. Hesabu yake ni hii: viwango vitano (100%, 50%, 25%, 12.5% na 6.25%), kila kiwango bika nne, kila bika mililita 25 na watoto watano wa dafnia. Jumla hiyo inakula takriban mililita 194 za maji ya vumbi. Ukifanya seti mbili, ya kuchujwa na isiyochujwa, ni karibu mililita 390. Zinazobaki zinatosha pH, upitishaji umeme na chupa ya kupeleka kupimwa metali.

Sasa, kiwango hicho kinataka maji yasiyo na chumvi kabisa. Kwa dafnia hilo linaleta tatizo. Ukiloweka kwa maji matupu kisha ukapunguza kwa maji ya kufugia, kiwango cha 100% kitakuwa na maji laini na cha 6.25% kitakuwa na maji magumu. Shaba na zinki huua zaidi kwenye maji laini, kwa hiyo utakuwa umepima vitu viwili kwa mpigo na hutaweza kuvitenganisha. Loweka vumbi kwa maji yale yale utakayotumia kupunguzia. Kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa weka:

kalsiamu kloridi (yenye maji mawili) mg 294
magnesi salfeti (yenye maji saba) mg 123.25
sodiamu haidrojenikaboneti mg 64.75
potasiamu kloridi mg 5.75

Mzani wako hauwezi kupima mg 5.75, kwa hiyo tengeneza chupa nne za akiba za lita moja moja: g 11.76, g 4.93, g 2.59 na g 0.23 kwa mpangilio huo huo, kisha chukua mililita 25 kutoka kila chupa na ujaze hadi lita 1. Hata ile ya g 0.23 ni bora utengeneze kali mara kumi, g 2.30 kwa lita, na uchukue mililita 2.5. Pitisha hewa usiku mzima kabla ya kutumia. pH ikae karibu na 7.8.

Usitumie maji ya kufugia ya aina ya M4 kwenye kipimo cha vumbi. Yana EDTA, na EDTA hushika metali zikaacha kudhuru. Dafnia wataogelea vizuri ndani ya maji yenye zinki nyingi na wewe utaandika kwamba vumbi ni salama. Kufugia mama zao kwenye M4 ni sawa. Wazoeshe maji ya kipimo kabla ya kuchukua watoto.

Vilevile achana na ule utaratibu wa Kimarekani wa kuloweka taka, TCLP, kwa kazi hii. Unatumia asidi asetiki, na asidi hiyo peke yake inaua dafnia.

Kuchuja: mikroni 0.45. Mwaga mililita za mwanzo ili chujio lishibe, na kila mara pitisha maji masafi kwenye chujio lingine la pakiti hiyo hiyo uyape dafnia 20. Hilo ni kundi la ulinganisho la chujio. Ukichujia kwa bomba la sindano, tafuta lile la plastiki tupu la vipande viwili. Lile lenye mpira mweusi kwenye mche linatoa zinki kutoka kwenye mpira, na zinki ndiyo unayoitafuta kwenye vumbi la tairi.

Chupa za metali ziwe polietilini au polipropilini, zilowekwe kwenye asidi nitriki 10% usiku mzima, zisuuzwe mpaka pH ya maji ya mwisho ilingane na ya maji yaliyoingia. Sampuli ya kutafutia kemikali za kikaboni inakwenda kwenye chupa ya kioo, kwa kuwa kemikali nyingi za tairi na lami hujishikiza kwenye plastiki. Chupa moja haiwezi kufanya kazi zote mbili.

mzoa_sampuli

Naongezea upande wa kukusanya.

Ufagio wa nailoni na kizoleo cha plastiki. Kizoleo cha bati kinatoa zinki, kiache. Pima mraba wa mita 1 kwa 1 kando kabisa ya ukingo wa barabara, zoa polepole kuelekea upande mmoja, na urudie kwenye miraba mitano au zaidi ya eneo hilo kabla ya kuchanganya. Ufagio unaacha punje ndogo kwenye vinyweleo vya lami. Kifyonza vumbi cha betri chenye mfuko mpya kinazipata vizuri zaidi, ila usichanganye njia mbili kwenye utafiti mmoja.

Chekeche: mikroni 63, la chuma kisichoshika kutu au la nailoni. Machekeche mengi ya maabara za udongo ni ya shaba ya njano, na shaba ya njano ni shaba na zinki. Huwezi kuliosha likaacha kutoa.

Kausha hewani au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40. Watu huweka 105 kwa mazoea ya udongo, kemikali nyepesi zinapotea na kemia ya vumbi inabadilika. Chota gramu chache pembeni uzikaushe kwa 105 ili kujua unyevu, kisha rekebisha uzito wako kwa hesabu.

Msimu una uzito wake. Masika yakishaanza, vumbi lote limekwenda mtaroni. Kusanya kiangazi, baada ya siku kadhaa bila mvua, na maeneo yote matatu ndani ya siku zile zile. Andika kama bega la barabara ni lami au udongo mwekundu, kwa maana udongo unapunguza makali ya vumbi la magari. Chukua pia udongo huo huo mita mia kadhaa kutoka barabarani, uupitishe hatua zote. Bila sampuli hiyo hutajua kipi kimeletwa na magari na kipi kilikuwepo ardhini.

Barakoa ya N95 na koti linaloakisi mwanga si mapambo. Unapochekecha, fanya ndani ya mfuko au chombo chenye kifuniko.

chumvi_gongoni

Wakuu, kwa nini mnajitesa na dafnia? Atemia, kidudu kama kamba mdogo wa maji ya chumvi, anafaa zaidi pwani. Mayai yake yanauzwa kwa makopo kwa wafugaji wa kamba na samaki, hakuna haja ya kufuga kundi mwaka mzima. Kwenye mashamba ya chumvi ya Malindi, Kenya, atemia walipandikizwa miaka ya 1980 na wanajulikana. Gramu 35 za chumvi kwa lita, nyuzi 28, mwanga na hewa, ndani ya saa 24 hadi 48 una watoto maelfu. Kumi kwa kila chupa, mililita 5, saa 24, hesabu waliokufa. Joto la Dar halikusumbui hata kidogo.

chujio045

@chumvi_gongoni hoja ya joto na gharama ni ya kweli, na kwa kufundishia wanafunzi atemia ni mzuri sana. Kwa vumbi la barabarani ana kasoro mbili kubwa. Kwanza ni mgumu: anavumilia metali kuliko dafnia, kwa hiyo sampuli nyingi zitatoka "hazina sumu" wakati dafnia wangekufa. Pili, ndani ya maji ya chumvi kloridi nyingi hubadilisha umbo la metali, na vumbi la Ubungo haliingii baharini moja kwa moja. Linapita kwenye mitaro na mto Msimbazi kwanza. Kiumbe wa maji baridi ndiye anayewakilisha njia hiyo.

Ukimtumia, usitumie watoto waliototolewa saa hiyo hiyo. Hatua ya kwanza bado wanakula kiini chao, mdomo haujafunguka. Ngoja wafike hatua ya pili au ya tatu.

Kuhusu Daphnia magna na joto: kipimo kinataka nyuzi 18 hadi 22, na ndani ya kipimo kimoja lisiyumbe zaidi ya nyuzi 1 juu au chini. Kiyoyozi kinaweza, ila umeme ukikatika usiku chumba kinapanda haraka. Simamisha bika ndani ya deli lenye maji ya nyuzi 20 kufikia usawa wa maji ya ndani ya bika. Maji mengi yanachelewa kupata joto, na unapata saa kadhaa za usalama.

Njia nyingine ni Ceriodaphnia dubia, jamaa mdogo wa dafnia, ambaye utaratibu wa EPA (shirika la mazingira la Marekani) unamruhusu kupimwa kwa nyuzi 25. Au Moina, jamaa mwingine wa dafnia, wa mabwawa ya hapa, wale wale wanaolishwa vifaranga vya samaki. Moina ni mdogo, ana hisia kali, na anapenda joto letu. Shida yake ni kwamba itabidi ujenge rekodi yako mwenyewe: upime kundi lako mara kwa mara kwa potasiamu daikromati (sumu ya kulinganishia), uchore chati, uone kama majibu yanabaki ndani ya mipaka. Kwa magna mipaka ipo tayari: EC50 (kiwango kinachofanya nusu ya dafnia washindwe kuogelea) ya saa 24 ya daikromati iwe kati ya mg 0.6 na 2.1 kwa lita. Ikitoka nje ya hapo, kundi lako lina tatizo na vipimo vya wiki hiyo havihesabiki.

mama_wa_dafnia

Kwa kuwa kila kitu kinasimama juu ya afya ya mama, haya ndiyo ya kuangalia.

Wapevu 10 hadi 20 kwa lita. Chakula kiwe mwani wa kijani. Hamira inaharibu maji upesi. Ukiona madume, au mama wenye kile kifuko cheusi cha mayai mgongoni, kundi lina njaa au limebanana. Usipimie watoto wake.

Jioni kabla ya kipimo, toa watoto wote ukiacha mama tupu. Watoto utakaowakuta asubuhi wana umri chini ya saa 24 bila kubahatisha. Uzao wa kwanza wa mama usitumike.

Hamisha kwa pipeti ya mdomo mpana, na ncha iwe chini ya maji unapomwachia. Ukimdondosha kutoka juu, hewa inanasa ndani ya ganda, anaelea juu kama unga na hashuki tena. Hesabu itaonyesha "hawezi kuogelea" kumbe ni povu la hewa. Akielea mapema, mdondoshee tone la maji juu yake.

Hakuna kulisha kwa saa zote 48. Mwanga saa 16, giza saa 8.

Kuhesabu: zungusha bika taratibu, subiri sekunde 15. Asiyeogelea ndani ya sekunde hizo anahesabiwa, hata kama antena zinatikisika. Kwenye bika za maji safi ya ulinganisho wasizidi 10%, yaani 2 kati ya 20. Oksijeni mwishoni isishuke chini ya mg 3 kwa lita, kwenye viwango vyote. Vumbi la mjini lina mabaki ya vyakula na kinyesi cha wanyama, bakteria wanakula oksijeni usiku kucha, na dafnia wanakufa kwa kukosa hewa. Kipimo cha oksijeni mwanzoni tu hakikuonyeshi hilo.

vumbi_la_makutano

Asanteni sana wote. Bado nimekwama kwenye lile la kuchuja. Vumbi likiachwa ndani ya bika maji yanakuwa tope, dafnia hawaonekani. Lakini likichujwa tunaondoa vumbi lenyewe tulilokuja kulipima. Kipi kipewe uzito?

Na jambo la pili: kuna vichujio vya hewa vya PM2.5 (chembe za hewani za mikroni 2.5 kushuka chini) kutoka kwenye mashine ndogo ya lita 16.7 kwa dakika. Vinaweza kupimwa kwa dafnia?

chujio045

Fanya yote mawili, na uongeze la tatu: punje zisizo na sumu.

Dafnia anachuja maji kula. Humeza punje kuanzia chini ya mikroni 1 hadi makumi ya mikroni, na vumbi hujaa tumboni mahali pa chakula, hubandika kwenye antena na kumlemea. Hilo ni dhara la kimwili, lingetokea hata kwa mchanga safi. Kwa hiyo tengeneza kundi lenye unga wa kwazi (madini ya mchanga mweupe, quartz) au udongo mweupe wa kaolini wenye ukubwa na uzito sawa na vumbi lako. Wakifa pale sawasawa na kwenye vumbi, tatizo ni punje. Wakifa kwenye vumbi tu, tatizo ni kemia. Wakifa kwenye vumbi lisilochujwa lakini wakapona kwenye lililochujwa na kwenye kwazi, basi sumu imepanda juu ya punje na inamwingia kwa kumezwa. Matokeo haya ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, na hutayaona kamwe ukifanya seti moja.

Tope: usiweke gramu 100 kwa lita moja kwa moja. Punje ya kwazi ya mikroni 63 inazama sentimita 5 kwa sekunde 14 hivi. Ya mikroni 10 inachukua kama dakika 9. Ya mikroni 2 inakaa juu karibu saa 4. Yaani ukimwaga vumbi zima kwenye bika, baada ya nusu saa sehemu kubwa iko sakafuni na dafnia anaogelea juu yake. Uzito ulioandika kwenye jedwali haupo tena majini. Tikisa, acha itulie dakika 9 kwa kina cha sentimita 5, kisha nyonya maji ya juu bila kugusa chini. Hapo umebaki na punje za mikroni 10 kushuka chini. Chukua mililita 50, uchuje, ukaushe, upime uzito, na huo ndio uzito wa kuripoti. Angalizo: hiyo mikroni 10 ni ya punje yenyewe majini. PM10 ya wanaopima hewa ni ukubwa wa mwendo hewani, na punje ya kwazi inayohesabiwa PM10 ina kipenyo halisi cha mikroni 6 hivi.

Kuwaona kwenye maji machafu: mwishoni mimina bika juu ya wavu laini wa nailoni, waoshee kwenye sahani yenye maji masafi, hesabu papo hapo chini ya taa ya pembeni.

Pima pH kabla ya yote. Vumbi lenye saruji linaweza kuvusha 9, na hapo pH peke yake inatosha kuua. Usirekebishe halafu ukanyamaza, maana kurekebisha pH kunabadilisha kiasi cha metali kinachoyeyuka. Fanya seti ya pH yake ya asili na seti iliyorekebishwa, uripoti zote.

bakteria_mwangaza

Kuhusu vichujio vya hewa: dafnia haiwezekani, na hesabu inaonyesha. Lita 16.7 kwa dakika kwa saa 24 ni meta za ujazo 24. Hewa ikiwa na mikrogramu 50 kwa meta ya ujazo, unapata mg 1.2 za vumbi kwenye kichujio. Kwa uwiano wa lita 10 kwa kilo, hayo ni mikrolita 12 za maji. Dafnia mmoja peke yake anahitaji mililita 2.

Mashine kubwa inayovuta meta za ujazo 1.13 kwa dakika ingekupa kama mg 81 kwa hewa hiyo hiyo, na bado ni kidogo.

Kwa kiasi hicho tumia viumbe vidogo zaidi. Bakteria wanaotoa mwanga, Aliivibrio fischeri (ISO 11348), wanapimwa ndani ya mililita 1 au 2, nyuzi 15, chumvi ya sodiamu kloridi 2%, unasoma mwanga ulivyopungua baada ya dakika 5, 15 na 30. Usiishie dakika 5: zinki inachelewa kufanya kazi na utaikosa. Maji yenye rangi au masizi huzuia mwanga usifike kwenye kipimio, kwa hiyo weka kundi la kurekebisha rangi. Kifaa chake cha kusoma mwanga ni cha gharama, ndilo pingamizi kubwa. Bila kifaa hicho, minyoo midogo ya C. elegans (ISO 10872) hupimwa kwenye sahani za visima kwa saa 96, nyuzi 20, ukiangalia ukuaji na idadi ya watoto. Inahitaji mkono mtulivu na darubini nzuri, na inaweza kukaa na punje zenyewe bila kuchuja.

Kwa njia yoyote, loweka pia kichujio kitupu cha pakiti hiyo hiyo. Ukitoa kemikali za kikaboni kwa kiyeyushi kama DMSO kisha ukawapa dafnia, kiyeyushi kisizidi mg 100 kwa lita, na kuwe na kundi lenye kiyeyushi bila vumbi.

mzoa_sampuli

Kuna swali ambalo hajaliuliza ila atalifikia: wakifa, nani kawaua?

Kwenye barabara ya mjini washukiwa wa kwanza ni zinki (tairi zina oksidi ya zinki kwa kiwango cha takriban asilimia 1 hadi 2, na mabati ya paa pia), shaba na antimoni za pedi za breki, na kemikali za lami na moshi. Madini ya risasi nayo yapo kwenye udongo wa zamani wa kando ya barabara; nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi.

Kipimo rahisi cha kutenganisha ni EDTA. Gawa maji ya vumbi yaliyochujwa, sehemu moja weka EDTA, subiri saa chache, kisha dafnia. Kwa kila mg 1 ya zinki unahitaji kama mg 5.7 za chumvi ya sodiamu ya EDTA yenye maji mawili, na kwa shaba ni mg 5.9. Weka ngazi tatu na kila ngazi iwe na maji masafi yenye EDTA kiasi hicho hicho, kwa sababu EDTA iliyozidi inavuta kalsiamu na kuwadhuru. Wakipona, mtuhumiwa ni metali. Wasipopona, pitisha maji kwenye safu ya C18, inayonasa kemikali za kikaboni, urudie.

bakteria_mwangaza

Hapo naongeza onyo moja ambalo ni muhimu kwa yeyote atakayesoma matokeo haya. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba samaki aina ya coho wa pwani ya magharibi walikuwa wanauawa na 6PPD-kwinoni, inayotokea pale kinga ya mpira iitwayo 6PPD kwenye tairi inapokutana na ozoni ya hewani. Kiwango cha kuua nusu ya samaki hao kilirekebishwa baadaye hadi nanogramu 95 kwa lita. Kemikali hiyo hiyo ilipopewa Daphnia magna, haikumuua hata kwa viwango vya juu kabisa vinavyoweza kuyeyuka majini. Kwa hiyo dafnia 20 wakiogelea vizuri, ripoti yako iseme "hakuna athari kwa dafnia ndani ya saa 48". Isiseme "vumbi ni salama". Angalau viumbe watatu wa makundi tofauti: dafnia, bakteria au mnyoo, na mmea mdogo wa majini kama Lemna wa siku 7.

Wala isisemee mapafu ya watu wala damu ya watoto wanaocheza kando ya barabara. Risasi isiyoyeyuka majini haitamgusa dafnia, lakini mtoto akiimeza, asidi ya tumbo lake inaiyeyusha. Hilo linapimwa kwa njia nyingine na linastahili kupimwa.

vumbi_la_makutano

Nimeelewa, na bakteria tutawatafutia kifaa. La mwisho: kwa matokeo, EC50 ikokotolewe vipi bila programu ya kulipia, na sampuli ngapi zinatosha?

mama_wa_dafnia

Spearman-Karber inafanyika kwa Ekseli au kwa kalamu. Mfano wa namba tu: baada ya saa 48 wasioogelea ni 0, 2, 9, 17 na 20 kati ya 20, kwa 6.25%, 12.5%, 25%, 50% na 100%. Geuza kuwa sehemu: 0, 0.10, 0.45, 0.85, 1. Chukua logi za viwango: 0.796, 1.097, 1.398, 1.699, 2. Kila hatua, zidisha ongezeko la vifo kwa wastani wa logi mbili zinazopakana:

0.10 × 0.946 = 0.095
0.35 × 1.247 = 0.437
0.40 × 1.548 = 0.619
0.15 × 1.849 = 0.277

Jumla ni 1.428, na 10 kwa kipeo hicho ni 26.8. EC50 ni 26.8% ya maji ya vumbi. Kwa kuwa 100% ilitoka kwenye gramu 100 kwa lita, hiyo ni sawa na gramu 26.8 za vumbi kwa lita. Vizio vya sumu (toxic units) ni 100 ÷ 26.8 = 3.7. Andika zote, pamoja na uwiano wa kuloweka, maana anayetumia lita 20 kwa kilo hawezi kulinganisha asilimia yake na yako.

Njia hii inataka wasioogelea waanzie sifuri kwenye kiwango cha chini na waishie wote kwenye cha juu. Ikiwa 25% ni 0 na 50% ni 20, hakuna cha kukokotoa. Andika kwamba iko kati ya 25 na 50, kadirio 35 (kipeuo cha pili cha 25 × 50). Ikiwa hata 100% hawafiki nusu, andika "zaidi ya 100%" na uache hapo.

Idadi: bika nne kutoka chupa moja ni marudio ya dafnia, siyo ya vumbi. Kwa kila eneo tengeneza chupa tatu za kuloweka kutoka kwenye vumbi lililochanganywa, na maeneo yawe zaidi ya moja kwa kila aina ya barabara. Ukiwa na Ubungo, Buguruni na mtaa mmoja tu, unaweza kulinganisha sehemu tatu hizo. Kusema "barabara kubwa dhidi ya mitaa" kunahitaji angalau mitaa mitatu.

Maji ya vumbi yakae nyuzi 4 gizani na yatumike ndani ya saa 72. Yakikaa zaidi, metali zinajibandika kwenye chupa na bakteria wanakula kilichobaki. Na daikromati ya majaribio usiimwage kwenye sinki. Ni kromi ya 6, inasababisha saratani. Glavu wakati wote, mabaki kwenye dumu lenye lebo, yakabidhiwe kwa wahusika wa taka za kemikali.